MAONGEZI YA MARUBANI NA MKONO WA SHERIA

Marubani, kama walivyo mabaharia, wana baraza yao. Hukutana katika chumba cha kusubiria safari, katika hoteli za miji ya kigeni, na walio jeshini hukutana katika mesi ya maofisa. Si wachache kati ya wale wa mashirika ya abiria waliojifunza kazi jeshini kwanza; kwa hiyo lugha yao ni moja, na hata mizaha yao hufanana. Huzungumza mambo ya siku kama watu wengine: vita, uchaguzi, bei ya mafuta, ndege mpya iliyotoka kiwandani, shirika lililofilisika. Hatimaye mazungumzo huangukia jambo lisilochapwa magazetini. Mmoja hushusha sauti na kueleza jinsi alivyonusurika: aliisikia vibaya namba ya kimo, au aliugusa mtambo asioukusudia, au aliuona mlima mahali ambapo hakutazamia kuuona. Wenzake husikiliza kwa makini, maana kila mmoja anajua kwamba kesho huenda zamu ikawa yake. Na hadithi ikiisha huja swali ambalo si la urubani tena, bali ni la kipolisi: wakubwa wamekwisha kujua?

Mtu wa kawaida akiyasikia maongezi hayo atayaita soga. Mtaalamu wa usalama wa anga huyaona kuwa ni hazina. Ajali ya ndege ya abiria ni tukio la nadra, na ni vigumu kujenga sayansi juu ya matukio ya nadra. Aidha, ajali huacha maiti na vipande vya bati, na wachunguzi hulazimika kukisia kutokana na vipande hivyo kile alichokidhani rubani katika dakika zake za mwisho. Kosa lililookoka, kinyume chake, humwacha shahidi aliye hai, awezaye kueleza aliona nini, alidhani nini, na mkono wake ulikwenda wapi. Walakini shahidi huyo ndiye pia mtuhumiwa. Akisema, huenda akapoteza leseni yake; akinyamaza, huenda mwenzake akafa kwa kosa lile lile. Jinsi ya kulifungua fundo hilo ni swali la kisayansi kama lilivyo la kisheria, na majibu yake yamegharimu maisha ya watu wengi.

VISHIKIO VIWILI

Miongoni mwa wa kwanza kuyachukua kwa uzito makosa ya marubani walikuwa wanasaikolojia wa jeshi la Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili na mara baada yake. Jeshi lilisumbuliwa na ajali za ajabu. Ndege kubwa za mabomu za aina ya B-17 zilikuwa zikitua salama; kisha, zikiwa bado zinakwenda juu ya njia ya kurukia, rubani huyakunja magurudumu na ndege ikakaa kwa tumbo. Katika taarifa liliandikwa jina la jumla, "kosa la rubani", kana kwamba jina hilo ni maelezo.

Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza vyumba vya marubani aliona kwamba kishikio cha magurudumu kilikaa jirani na kishikio cha vile vibawa vinavyoshushwa nyuma ya mabawa ili ndege iweze kwenda polepole wakati wa kutua. Vishikio hivyo vilifanana. Baada ya kutua rubani hukusudia kuvirudisha vibawa mahali pake. Mkono uliochoka kwa safari ya vita ulishika cha jirani. Dawa yake ilikuwa rahisi kiasi cha kumtahayarisha mhandisi: kishikio kimoja kilivishwa gurudumu dogo, na cha pili kipande chenye umbo la bawa, ili vidole vitambue bila msaada wa macho. Mpaka leo, kishikio cha magurudumu katika ndege ya abiria kina umbo la gurudumu.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones waliendelea na kazi hiyo kwa njia iliyokuwa ngeni. Badala ya kuhesabu mabaki ya ndege, waliwaomba marubani wasimulie. Kila mmoja alitakiwa aeleze kosa alilolifanya mwenyewe au alilolishuhudia likifanywa na mwenzake katika kutumia vishikio vya ndege. Walikusanya visa 460. Karibu nusu yake vilikuwa vya aina moja, yaani kushika kishikio kimoja badala ya kingine. Katika uchunguzi wa pili walikusanya visa 270 vya kusoma vyombo vibaya, na humo kilijitokeza kipima-kimo cha siku zile, chenye mishale mitatu juu ya uso mmoja, ambacho rubani aliweza kukisoma akakosea kwa futi 1,000 nzima. Yafaa ikumbukwe kwamba katika anwani ya taarifa yao, Fitts na Jones waliyatia maneno "kosa la rubani" ndani ya alama za kunukuu. Alama hizo ndogo zilikuwa na maana kubwa. Mtu ambaye makosa yake yanafanana na ya mamia ya wenzake hawezi kuelezwa kwa uzembe wake peke yake. Hapana budi kuna kitu mbele yake kinachomvuta akosee.

KILIMA CHA VIRGINIA

Somo hilo la jeshini halikuenea upesi katika mashirika ya abiria. Huko kosa lilibaki kuwa mali ya siri ya kampuni, au ya rubani mwenyewe. Gharama ya siri hiyo ilionekana tarehe 1 Desemba 1974.

Asubuhi ya siku hiyo ndege ya Boeing 727 ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea Washington kutoka Indianapolis kupitia Columbus. Upepo wa ubavuni ulikuwa mkali mno katika uwanja uliokusudiwa, hivyo ikaelekezwa kwenye uwanja wa Dulles ulio jirani. Ilipokuwa bado kiasi cha maili 44 za baharini kutoka uwanjani, yaani kama kilomita 80, mwongozaji wa ndege aliwapa marubani ruhusa ya kukaribia ili kutua. Hakutaja kimo. Marubani walielewa kwamba, maadamu ruhusa imetolewa na ndege iko katika rada, njia iliyo mbele yao haina kizuizi hadi kimo cha mwisho kilichoandikwa, nacho kilikuwa futi 1,800. Mwongozaji, kwa upande wake, alichukulia kwamba kushuka kwa usalama ni jukumu la rubani mwenye ramani. Neno lilikuwa moja, na maana zilikuwa mbili. Kinasa sauti kilionyesha baadaye kwamba rubani mkuu aliona katika ramani kimo kingine kilichokuwa juu zaidi, futi 3,400, akakitilia shaka na kukijadili na wenzake. Kisha akaridhika kwamba ruhusa aliyopewa inatosha. Yapata saa 5 na dakika 10 asubuhi, ndani ya mawingu na mvua, ndege iligonga ubavu wa Mlima Weather katika kimo cha futi 1,670 hivi. Abiria 85 na wafanyakazi 7 walikufa wote.

Bodi ya uchunguzi haikukubaliana kwa kauli moja. Wajumbe walio wengi walimlaumu rubani kwa kushuka mapema, huku wakikiri kwamba taratibu za kuongoza ndege hazikuwa wazi. Walio wachache waliona mzigo ulikuwa wa waongozaji pia. Hata hivyo jambo lililowashtua wote lilikuwa jingine. Wiki sita hivi kabla ya ajali, ndege ya shirika la United ilikuwa imepewa ruhusa ya namna hiyo hiyo, mahali pale pale, nayo ikakikosa kilima hicho kidogo tu. Marubani wake walisimulia. Shirika lao lilikuwa limeanzisha mwaka huo utaratibu wa kupokea taarifa kama hizo bila kuwaadhibu wasemaji, na likawaonya marubani wake wote kuhusu mtego wa Dulles. Marubani wa TWA hawakuwa marubani wake. Hapakuwa na mlango wa kupitishia habari hiyo kutoka baraza moja hadi jingine.

Mwezi huo huo serikali ya Marekani iliamuru ndege kubwa za abiria zifungwe mtambo wa kumwonya rubani anapoikaribia ardhi. Kanuni za kutaja kimo wakati wa kutoa ruhusa ya kukaribia uwanja nazo zilibadilishwa. Hayo yalikuwa mapema, kama mambo ya serikali yanavyopimwa. Kutengeneza ule mlango kulihitaji fikra zaidi.

SIKIO LISILO NA RUNGU

Mwaka 1975 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilitangaza kwamba rubani, mwongozaji au mtu yeyote anaweza kuieleza habari ya hatari aliyoiona, naye hataadhibiwa kwa yale aliyoyasema. Nia ilikuwa njema, lakini marubani waliipokea kwa mashaka. FAA ndiyo iliyotoa leseni, ndiyo iliyotoza faini, na ndiyo iliyowanyang'anya leseni waliokosa. Ni nani anayekwenda kuungama kwa askari aliyeshika pingu, hata kama askari huyo ametabasamu?

Suluhisho lilikuwa kumtafuta mtu wa tatu. Idara ya anga za juu, NASA, ilikuwa na wanasayansi wa urubani, haikuwa na mamlaka ya kumwadhibu rubani yeyote, na iliheshimiwa na pande zote. Chini ya uongozi wa daktari Charles Billings, utaratibu mpya uliojulikana kwa kifupi kama ASRS ulianza kazi mwezi Aprili 1976. Namna unavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu uzuri wake umo katika mambo madogo.

Fomu ya taarifa iliundwa ikiwa na sehemu mbili. Kwenye kipande kimoja cha karatasi msemaji huandika jina, anwani na simu yake. Sehemu iliyobaki ni ya kisa chenyewe. Taarifa ikifika husomwa na wachambuzi, ambao wengi wao ni marubani na waongozaji wa ndege wenye uzoefu mrefu. Wakihitaji ufafanuzi humpigia simu msemaji, kwani kipande kile bado wanacho. Wakiridhika, kipande chenye jina hukatwa na kurudishwa kwake kikiwa na muhuri wa tarehe. Kuanzia hapo NASA yenyewe haiwezi kusema ni nani aliyeandika. Hata amri ya mahakama haiwezi kulitoa jina ambalo halimo kabatini.

Kile kipande kilichorudishwa kina thamani ya pili. Endapo FAA itaugundua ukiukaji wa kanuni kwa njia zake yenyewe, rubani anaweza kukitoa kama uthibitisho kwamba alikwisha taarifu. Hapo kosa litaandikwa, lakini hatatozwa faini wala kusimamishwa, alimradi masharti yametimizwa: taarifa ilipelekwa katika muda wa siku 10, kosa halikuwa la makusudi, na msemaji hakuwa amepatikana na hatia ya kukiuka kanuni katika miaka 5 iliyotangulia. Kinga hiyo haihusu uhalifu, wala haihusu ajali yenyewe. Msomaji wa kwanza akikuta ndani ya taarifa habari ya jinai, jina halikatwi; taarifa hupelekwa kwa wanaohusika na sheria ikiwa nzima. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo wapinzani wa utaratibu huu, kwamba marubani wamejengewa pango la kujifichia.

Mpaka sasa taarifa zaidi ya milioni 2 zimepokelewa. Yafaa pia mipaka yake ifahamike. Kwa kuwa watu husema kwa hiari, taarifa hizo haziwezi kuonyesha kosa fulani hutokea mara ngapi. Mwenye kuzihesabu kama sensa atajidanganya. Zinaonyesha kwamba kosa lipo, na linavyozaliwa. Billings na wenzake walipozichambua zile za miaka ya mwanzo walikuta kwamba zaidi ya asilimia 70 zilihusu upitishaji wa habari kati ya mtu na mtu: neno lililosikiwa nusu, namba iliyorudiwa vibaya, ruhusa iliyoeleweka kwa maana mbili. Ugunduzi huo ulikuja wakati ambapo ulimwengu ulikuwa bado unaomboleza watu 583 waliokufa Tenerife tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa zilipogongana katika ukungu baada ya maneno machache ya redio kueleweka visivyo.

Uingereza ilifuata mwaka 1982 kwa utaratibu wake, ambao mwanzoni uliwekwa katika taasisi ya tiba ya jeshi la anga huko Farnborough. Basi madaktari wa jeshi wakawa watunza siri za marubani wa abiria! Lakini nchi hiyo hiyo ilionyesha pia upande wa pili. Novemba 1989 Boeing 747 moja, katika ukungu mzito, ilishuka nje ya mstari karibu na uwanja wa Heathrow, ikapita juu kidogo tu ya hoteli, ikapaa tena, ikazunguka na kutua salama. Hakuna aliyeumia. Mwaka 1991 baraza la wazee wa mahakama lilimwona rubani mkuu ana hatia ya kuhatarisha ndege kwa uzembe, naye akatozwa faini ya pauni 2,000. Si vigumu kubuni kilichozungumzwa barazani juma lile.

JUU YA MSITU WA MATO GROSSO

Hakuna kisa kinachoonyesha vema jeshi, marubani wa kiraia na polisi wakikutana mahali pamoja kuliko kile cha Brazil cha tarehe 29 Septemba 2006. Ndege ndogo mpya ya Embraer Legacy, ikiendeshwa na marubani wawili wa Kimarekani, iliondoka São José dos Campos kuelekea Manaus. Mpango wa safari ulitaka ishuke kutoka futi 37,000 hadi 36,000 baada ya kufika Brasília. Ruhusa iliyotolewa kwa redio kabla ya kuruka haikuyataja mabadiliko hayo, na marubani walielewa kwamba kimo ni 37,000 hadi mwisho. Katika njia ile ile, kutoka Manaus, ilikuwa inakuja Boeing 737 ya shirika la Gol, nayo katika futi 37,000, mahali pake halali.

Waongozaji wa ndege nchini Brazil walikuwa wanajeshi, masajenti wa jeshi la anga. Mtambo wao ulibadilisha wenyewe namba ya kimo kwenye kioo cha rada kufuata mpango, ukaonyesha 36,000 ilhali ndege ilikuwa 37,000. Baada ya Brasília transponda ya Legacy, yaani kile chombo kinachoijibu rada na kuzionya ndege nyingine, iliacha kufanya kazi. Wachunguzi hawakupata dalili kwamba ilizimwa kwa makusudi. Mbele ya marubani ilibaki alama ndogo tu kuonyesha kwamba kinga ya migongano haipo. Redio nayo haikukamatana. Ncha ya bawa la Legacy ililikata bawa la kushoto la Boeing, na watu wote 154 waliokuwamo ndani ya Boeing wakafa msituni. Legacy, ikiwa na watu 7, ilifanikiwa kutua katika kambi ya jeshi ya Cachimbo.

Jaji aliamuru hati za kusafiria za marubani wale wawili zizuiwe, wakakaa Brazil zaidi ya miezi miwili. Desemba polisi wa shirikisho waliwafungulia mashtaka ya kuhatarisha usafiri wa anga, kisha wakaruhusiwa kurudi kwao. Waongozaji, wakiona kwamba wao pia wanatafutwa, walianza mwezi Oktoba kufanya kazi kwa kuifuata kanuni neno kwa neno, na viwanja vya nchi nzima vikajaa abiria waliokwama. Mwezi huo huo Flight Safety Foundation ya Marekani, Royal Aeronautical Society ya London na wenzao kadhaa walitoa azimio la kupinga kuzigeuza ajali kuwa kesi za jinai. Mwaka 2010 mahakama ya kijeshi ilimhukumu sajenti mmoja miezi 14. Mwaka 2011 mahakama ya kiraia iliwatia hatiani marubani wale, kifungo chao kikageuzwa kuwa utumishi kwa jamii.

Si haki kuwabeza polisi wa Brazil. Mbele yao zilisimama familia za watu 154, na hakuna dola inayoweza kuziambia familia hizo kwamba sheria haina la kusema. Tena wapo marubani ambao kweli ni wahalifu. Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliipeleka ndege kwa makusudi katika milima ya Ufaransa akawaua wenzake 149. Huko mwendesha mashtaka alikuwa na kazi yake halali. Ugumu uko katikati, kwa mtu mwaminifu aliyekosea, na sheria ya jinai haina kipimo kizuri cha kumpima. Huuliza ni nani aliyefanya, na kama alipaswa kujua. Haiulizi ni wangapi wengine wamekwisha kufanya vivyo hivyo wakanusurika.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichokubaliwa mara ya kwanza mwaka 1951 na kinachozihusu nchi wanachama wote, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, kinasema kwamba lengo pekee la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, wala si kugawa lawama. Kiambatisho cha 19 cha mwaka 2013 kiliongeza ulinzi kwa taarifa za hiari. Lakini mkataba ni jambo moja, na jaji wa wilaya ni jambo jingine. Mwaka 2014 Brazil ilitunga sheria ya kutenganisha njia mbili: polisi na waendesha mashtaka wanaweza kuendesha upelelezi wao, lakini uchambuzi na mahitimisho ya wachunguzi wa usalama hayatumiki kama ushahidi wa kumtia mtu hatiani.

Na ile alama ndogo mbele ya marubani wa Legacy? Mwaka 2007, huku kesi ikiendelea, bodi ya uchunguzi ya Marekani ilipendekeza kwamba kinga ya migongano inapoacha kufanya kazi rubani aonywe kwa namna isiyoweza kumpita machoni. Ni Chapanis na vishikio vyake viwili tena, baada ya miaka zaidi ya 60.